Mkate Usiochanjwa

Jumanne, tarehe saba Machi 2006, mke wangu Attracta aliingiza mkate ndani ya oveni bila kuuchanja msalaba.

Kwetu mkate wa magadi huchanjwa msalaba juu kabla ya kuokwa, ili wale wadogo wa kilimani, viumbe wasioonekana, wapate pa kutokea. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akisahau. Nikamwambia. Akaniangalia, akakiangalia kisu mkononi mwake, akaniuliza kitu hicho ni cha nini.

Nikampeleka kituo cha afya papo hapo. Ng'ombe niliwaacha hawajakamuliwa.

Dakta Lavelle alikuwa kijana wa Dublin, viatu vyake havijui matope. Nikamweleza habari ya mkate, nikamweleza na ya kisu. Akamuuliza Attracta kama hajambo. Attracta, mtu wa adabu, akasema hajambo, na mama yake daktari je, mguu umepona? Mama yake daktari hatujawahi kumwona hata siku moja.

Daktari akacheka. "Mzee Jarlath, mkeo leo yuko na wale wadogo tu. Mpe chai, alale."

Hakumgusa hata mkono. Dada wa mapokezi akadakia kwamba yeye huwa nao kila Jumatatu. Watu wa kwenye benchi wakacheka. Attracta naye akacheka, kwa kuwa wenzake wanacheka.

Bibi yangu aliposema mtu yuko na wale wadogo, alimaanisha kachukuliwa, na anayekaa jikoni si yeye. Nyumba nzima hukesha, na mtu huyo haachwi peke yake hata akienda chooni. Siku hizi wanaambiwa hivyo waliosahau funguo. Wakubwa wa afya nao wameudaka msemo huo, unawapunguzia kazi.

Nilimpa chai. Alilala. Alhamisi asubuhi sikuweza kumwamsha. Hospitali ya mjini walisema damu ilikuwa ikivujia kwenye ubongo tangu juzi yake, na kwamba angewahishwa pengine angepona. Pengine, walisema.

Baada ya mazishi nilikula mkate na nyama. Nakumbuka haradali ilikuwa nyingi.

Mwezi wa sita wakubwa wa afya wakaniita ofisini kwao. Walikuwa watatu, na Lavelle pembeni. Wakasema utaratibu ulifuatwa. Jirani yangu Packie, aliyenisindikiza, akaninong'oneza, "Wafokee, bwana. Unawaogopa hawa?"

Sikuwaogopa. Kufoka ndiko sikuwa nako. Nilimuuliza Lavelle swali moja, naye akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama saa, akasema nitajibiwa.

Ng'ombe nimeshauza. Swali, ambalo bado sijajibiwa, ni hili: dakta, kama msemo ule usingekuwapo, ungempima?