Kayaki Juu ya Ukungu

Prisila alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwake, Njombe mjini, akitenga viazi vya mbegu na vya kula, ukungu ulipofika kizingitini ukasimama. Miaka mingine ulikuwa ukiingia ndani, unalowesha kuni, unaondoka. Mwaka huu ulikuja na uzito wake. Kiazi kimoja kilimponyoka, kikabingirika hadi nje, na hakikuzama. Kikaelea, kikajizungusha kidogo, kisha kikashika njia ya Makambako.

Devota alitokea uchochoroni akipiga kasia. Alikuwa ndani ya kayaki nyekundu ya plastiki ambayo watalii waliiacha kwa kaka yake kijijini Lupingu, kule Ziwa Nyasa. Aliipandisha Njombe juu ya lori la dagaa, na tangu hapo alikuwa akiitumia kulowekea mashuka.

"Kamwene, mama Frederick."

"Kamwene. Leo nguo umelowekea wapi?"

"Cheka tu. Ukungu umebeba. Chukua msalaba wako twende."

Msalaba huo ulikaa nyuma ya mlango wa Prisila miaka mingi. Ulikuwa wa saruji, umeandikwa IDA, jina la mama yake. Ida alizikwa katika bonde la Ihagilo, kati ya Njombe na Makambako. Baadaye bonde lilipewa kampuni ya mbao, kwa ahadi kwamba makaburi hayataguswa. Kampuni ilitimiza ahadi kwa namna yake: haikufukua mtu. Ilipanda tu miti ya misindano juu yao, kwa mistari iliyonyooka, na misimu michache ya mvua ilipopita hakuna aliyeweza kuonyesha nani amelala wapi. Prisila alikwenda huko kwa miguu mara nyingi. Aliona shina, na nyuma ya shina, shina. Kila mara mlinzi, kijana mstaarabu aitwaye Timoth, alimsindikiza hadi barabarani na kumtakia safari njema.

Alitaka jambo moja: mama yake asimamishiwe msalaba wenye jina lake kabla yeye mwenyewe hajahitaji wa kwake. Na wenyeji wanajua kwamba ukungu ukibeba, ukichungulia chini yake unaliona bonde la zamani.

Wakaulaza msalaba katikati ya kayaki. Chombo kikashuka hadi karibu na ukingo, lakini kikakaa. Prisila akafunga mlango, akamwachia jirani ufunguo wa banda la kuku, akapanda.

"Unapiga kasia kama unasonga ugali," Devota alimwambia walipopita juu ya soko.

"Mimi si wa ziwani."

"Ndiyo maana nimekukalisha mbele. Nikuone ukizembea."

Vilima vilikuwa vimegeuka visiwa. Jioni walifunga kamba kwenye msalaba wa paa la kigango kimoja, na katekista Linus akawapitishia chai na viazi vya kuchemsha kupitia dirisha la mnara wa kengele.

"Kwa kuwa mko huko juu," alisema, "niangalieni hilo bati la pembeni. Linavuja?"

Devota alilikagua kwa ncha ya kasia. Lilikuwa limeng'oka msumari. Linus akashukuru, akawaombea, akafunga dirisha kwa sababu ya baridi.

Usiku uliofuata walilala kwenye kilima chenye mnara wa simu, na kwa siku zilizobaki waliyazoea mambo ya njiani. Jogoo waliwika chini yao. Moshi wa majiko ulipanda kama mapovu na kupasuka pembeni mwa kayaki. Tena kuna mahali ambapo mtu aligonga sakafu ya chombo kwa vifundo vya vidole, polepole, kama anayebisha kwa watu asiowajua vizuri.

"Tunapita tu," Devota alijibu, wala hakuacha kupiga kasia.

Kugonga kukahamia nyuma, kukawasindikiza kidogo, kukaacha.

Walipofika juu ya Ihagilo ukungu ulikuwa mwangavu kama maji ya ziwa asubuhi. Prisila aliinama akaiona njia ya kisimani. Aliona mapaa ya nyasi, na machipukizi ya mianzi yakiwa yamefungiwa vikombe vya kukingia pombe ya ulanzi. Watu hawakuwamo nyumbani. Walikuwa wamelala nje, kifudifudi hakuna, wote chali, macho wazi, katika mistari iliyonyooka, umbali sawa kutoka mmoja hadi mwingine. Mizizi iliwasogeza taratibu kwa miaka mingi hadi ikawapanga.

"Mama," Prisila aliita. "Mama Ida."

"Ee," waliitika. Waliitika bonde zima, wazee na watoto, kwa sauti moja isiyo kubwa.

Prisila alimgeukia Devota.

"Waulize mwiko," Devota alisema. "Ndivyo mnavyojuana ninyi."

Ni kweli. Kila ukoo una kitu chake usichokula, na mtu akikuambia anachokataa sahanini umeshajua ni wa nani. Kwa kina Ida hawali ini la kondoo. Ida aliwahi kulala njaa kwenye harusi kwa ajili ya ini hilo, na harusi yenyewe ilikuwa yake.

"Asiyekula ini la kondoo yuko wapi?" Prisila aliuliza.

Kutoka chini mmoja akasema, au walisema wote:

"Zamani tulikuwa na vya kukataa. Sasa tunakula sindano za miti na utomvu, pamoja. Mwiko hatuna tena."

"Na majina?"

"Majina yapo. Tunapokezana."

"Ida ni nani leo?"

"Leo Ida ni Joackim," walijibu. "Juzi alikuwa mtoto mmoja wa Kifanya. Kesho bado hatujapanga."

Prisila alikaa, mkono juu ya msalaba. Alitazama mstari mmoja, akatazama wa pili, akitafuta kipaji cha uso, au ule mguu wa kushoto ambao mama yake aliukunja akilala. Miguu yote ilikuwa imenyooka.

Shavu lake likapata ubaridi mkavu. Upepo wa Makambako ulikuwa umeamka, na upepo ule hauachi ukungu mahali.

"Mwenzangu," Devota alisema, "ushushe, au tugeuze nao. Kukaa hapa hatutakaa."

"Nitaushusha kwa nani?"

"Kwa watakaopokea."

Prisila akafunga kamba kwenye mikono ya msalaba, akauteremsha. Kamba ikaenda, ikaenda, ikalegea. Baada ya kitambo ilirudi juu yenyewe, imefunguliwa fundo na kukunjwa vizuri, imelowa.

Upepo uliukausha ukungu kwa chini ya muda wa kuchemsha chai. Kayaki ikashuka katikati ya misindano, ikabana kati ya mashina mawili. Hatua chache mbele yao msalaba ulikuwa umesimama, wima, sawasawa na mstari wa miti. Udongo kwenye shina lake ulikuwa umeshindiliwa kwa viganja vya kila ukubwa. Jina halikuwapo. Saruji ilikuwa laini pale, kama imesuguliwa na vidole vingi vyenye maji.

"Wamekubaliana," Devota alisema.

Prisila alipapasa mahali palipokuwa na jina. "Nami sikuwapo," alisema.

Timoth akafika. "Kamwene, mama. Safari hii mmekuja na chombo." Akawasaidia kuikwamua kayaki, akashika upande mmoja hadi barabarani. Kuhusu msalaba aliahidi kuuliza. Jibu la kampuni lilikuja baadaye: unaweza kubaki, maadamu hauko nje ya mstari.

Kabla ya mvua misindano ya Ihagilo ilikatwa, kwa kuwa ilikuwa imekomaa. Wakataji waliuzunguka msalaba. Siku ya kuwaombea marehemu familia zote za bonde zilikuja, zikasimama mbele ya msalaba ule mmoja, kila familia ikasali kwa jina la mtu wake. Kisha wazee wakaiomba kampuni iliache eneo hilo wazi. Kampuni ikajibu kwa upole kwamba haijawahi kufukua mtu, na haitafukua.

Mvua za kwanza zikaleta wapandaji. Prisila alikuwa pale, ameketi kwenye kisiki, wakati mmoja wao, Janeth, alipofika na kamba ya kupimia na ndoo ya miche.

"Samahani, mama. Mstari unapita hapa."

"Naona."

Janeth akachimba shimo mguuni pa msalaba. Kulikuwa na upepo, na mche ukawa unalala. Prisila akainuka, akapiga magoti, akaushikilia wima ili mwenzake afukie. Alihisi chini mtu akiipokea mizizi kwa mikono miwili, kama mkwe anavyopokea sahani.

Akauachia.