Mkungu Wenye Pembe

Mama alikuwa siku ya nne hajala. Alikataa uji, akakataa na supu ya papa aliyoileta jirani yetu Shekha. Alichotaka ni ndizi ya bustani yake mwenyewe, hapa nyuma ya nyumba, mtaani kwetu Dahariz. Kaka yangu Bakhiti alimletea za dukani, nzuri, za manjano. Mama alizinusa tu, akageuzia uso ukutani.

Bustanini kulikuwa na mkungu mmoja. Ukungu wa msimu ulikuwa umeshuka toka milimani wiki tatu, jua hatulioni, na wakati huo ndizi hunenepa kwa uvivu. Nilizipapasa. Bado zilikuwa na pembe. Kwetu hata mtoto anajua kwamba ndizi yenye pembe haikatwi, husubiriwa mpaka iwe mviringo.

Bakhiti aliniambia ningoje siku kumi.

"Siku kumi anazo nani, Bakhiti?"

Alinishikia mgomba, nikakata.

Tulichimba shimo pale pale, tukatandika majani makavu ya mgomba, tukapanga chane. Pembeni tukaweka chetezo cha makaa na ubani, juu gunia, kisha udongo. Mama ndiye aliyekuwa akiwavundikia ndizi watu wa mtaa mzima, na sharti lake lilikuwa moja: shimo halifunuliwi kabla ya siku tatu, maana joto likitoka halirudi. Nalijua sharti hilo tangu utotoni. Nililifunua siku ya pili asubuhi, nikalifunua adhuhuri, nikalifunua alasiri. Kila mara nilitia makaa mapya, nikidhani nafidia.

Moshi ukaingia hadi chumbani. Mama alifumbua macho.

"Mnafukiza ndizi, au mnanifukiza mimi?"

"Wewe nani akufukize," Shekha alimwambia, "hata kuoga hujaoga."

Wakacheka wote wawili, mama bila sauti. Mimi nilitoka, nikaenda kusimama kati ya migomba hadi macho yakauka.

Siku ya tatu maganda yalikuwa na madoa ya manjano. Nilichagua moja iliyolegea kidogo, nikaimenya. Ndani ilikuwa nyeupe, ngumu kama muhogo. Nilimpelekea hivyo hivyo, kwa sababu pumzi zake zilikuwa zimeanza kuachana, nikawa nahesabu kati ya moja na nyingine.

Aliuma kipande kidogo. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu, hatafuni, hamezi. Mwishowe nilikitoa kwa kidole.

"Ya kwetu," alisema. Akapumzika. "Umeikata na pembe zake."

Nilimwomba anisamehe. Nilimwambia niliogopa.

"Na umefunua."

"Nimefunua, mama."

"Nenda kafunike. Shindilia udongo vizuri. Kesho kutwa nitakula."

Nilikwenda. Nilipanga upya, nikafunika, nikashindilia kwa viganja na magoti mpaka moshi haukupata pa kutokea. Usiku ule na asubuhi yake sikulisogelea shimo.

Mama alifariki kesho yake adhuhuri. Tulimzika alasiri.

Watu walipojaa uani, Shekha alinifuata jikoni, akaniuliza kwa upole kama atoe zile ndizi, waliokuja wapate cha kutia mdomoni.

Nilimwambia hapana. Bado siku moja.