Kompyuta Iliyoamkia Jana

Kila jioni baragumu la kombe lilipolia kijijini, Moelagi alifunga kifuniko cha kompyuta. Hakuwa peke yake katika kuacha alichokuwa akifanya. Mpira uliachwa uwanjani, ndoo ziliachwa bombani, na vijana wa zamu walisimama barabarani na fimbo zao kuhakikisha hapiti mtu mpaka kila nyumba imalize sala. Nyumba ya bibi yake, Fuatino, ilikuwa ya nguzo na mikeka, haina kuta, na mwanga wa kioo ungeonekana mpaka kwa mchungaji. Basi kifuniko kilishuka na kompyuta ikalala.

Tabu ilikuwa asubuhi. Kila alipoifungua, kompyuta ilikuwa imerudi jana. Jumatano iliamka ikisema Jumanne, Alhamisi ikaamka ikisema Jumatano. Saa yenyewe haikuwa na kasoro, ililingana na ya simu yake na ya kanisani. Siku tu ndiyo iliyokuwa imebaki nyuma. Moelagi aliirekebisha tarehe kwa mkono, akaitumia mchana kutwa bila shida kubwa, na kesho yake yakawa yale yale.

Lingekuwa jambo la kuzoea tu kama si Iakopo. Iakopo alikuwa kaka yake Fuatino, aliyehamia Auckland, ng'ambo ya bahari, akiwa kijana kufanya kazi ya kiwanda, na sasa alikuwa amelazwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Nyumba hiyo iliwapa ndugu walio mbali nafasi moja kwa wiki ya kumwona mgonjwa kupitia ukurasa wake wa mtandaoni. Nafasi yao ilikuwa Jumapili, jua likielekea kuzama. Simu ya Moelagi ilikuwa na kioo kilichopasuka, na Bibi, mwenye mtoto wa jicho, angeona nyufa zaidi kuliko sura ya mtu. Ndiyo maana shangazi Matalena, anayeishi Pago Pago, visiwa vya jirani, aliwatumia kwa meli kompyuta yake ya zamani, yenye kioo kikubwa.

Jumapili mbili zilikuwa zimepita bure. Kila mara ukurasa ulikataa kufunguka, ukaandika kwamba saa ya kompyuta iko mbele. Moelagi aliitazama saa, akaitazama simu, akaona zote ziko sawasawa, akaamini kwamba kasoro iko kwa watu wa Auckland. Baragumu likalia, akafunga. Jumapili ya pili Bibi alikuwa amekaa na gauni lake jeupe la kanisani kwa saa nzima mbele ya kompyuta, na alipoambiwa imeshindikana aliitikia tu kwa kichwa, akaomba kitabu cha nyimbo.

Katikati ya wiki muuguzi alipiga simu. Alisema Iakopo halali vizuri na haongei tena, ila bado anawatambua watu. Kama wana la kumwambia, wasiipoteze Jumapili hii.

Moelagi alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, ualimu wa hesabu, na aliamini kwamba kitu kikikosewa kwa namna ile ile kila siku, lazima kina sababu moja. Siku iliyofuata alipanda basi mpaka mjini Salelologa kwa fundi. Fundi alifungua kompyuta, akatoa betri ndogo ya duara inayoilinda saa mashine ikizimwa, akaweka mpya. Alimhakikishia kwamba ugonjwa wa kusahau wakati ni wa betri hiyo, siku zote. Moelagi alirudi na matumaini. Ijumaa kompyuta iliamka ikisema Alhamisi.

Jumapili yenyewe, baada ya ibada na chakula cha mchana, watu wote walilala kama kawaida, matumbo yamejaa magimbi na nguruwe. Moelagi alikaa mkekani na kompyuta mapajani. Asubuhi hiyo aliamua kutoigusa tarehe. Alitaka kuiona ilivyo.

Lafaele, binamu yake, aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Wewe, hiyo ni kazi. Jumapili hii. Nikikusemea kwa mchungaji utafagia kanisa mpaka Krismasi."

"Kompyuta inasema leo Jumamosi," Moelagi alimjibu bila kumtazama. "Kwa hiyo sina dhambi."

"Basi iulize kama naidai Jumapili moja. Mahubiri ya leo yalikuwa marefu, nirudishiwe."

Akageukia upande wa pili, akakoroma kabla ya kujibiwa.

Moelagi alimpigia shangazi Matalena kumuuliza kama kompyuta ilikuwa na tabia hiyo tangu mwanzo. Nyuma ya sauti ya shangazi kulikuwa na mngurumo wa mashine ya kufulia na mtu aliyekuwa akipiga misumari. Shangazi aliapa kwamba miaka yote aliyokaa nayo haikuwahi kukosea hata dakika. Kila ikiamka inauliza wakati mtandaoni yenyewe, inajipanga, mtu huna haja ya kuishika.

"Mbona kelele, shangazi? Mnafanya nini?"

"Nafua. Mjomba wako anaezeka banda la kuku. Unataka tufanye nini Jumamosi?" Shangazi akacheka. "Nyinyi wa huko mnaringa tu kwa sababu kesho inafika kwenu kwanza."

Moelagi aliitazama tena ile Jumamosi kwenye kioo, akamuaga shangazi.

Hakuna mtu wa pande hizo asiyejua kwamba Pago Pago wako siku moja nyuma, kwa kuwa mstari wa kugeuza tarehe unapita baharini katikati. Ndege inaruka kwa muda mfupi tu, inatua katika siku iliyokwisha. Watu wanasherehekea siku ya kuzaliwa upande mmoja, wanavuka, wanaisherehekea tena. Lakini mishale ya saa haitofautiani. Saa kumi ya Apia, mji mkuu wa kina Moelagi, ni saa kumi ya Pago Pago. Na kwa kuwa mishale ilikuwa sawa, Moelagi hakuwahi kufungua mahali panapoiambia kompyuta iko nchi gani.

Alipafungua sasa. Paliandikwa Pago Pago.

Alilipanga jambo lote kichwani kama anavyopanga hesabu ubaoni. Kompyuta haikuwa imesahau kitu. Kila ilipoamka iliuliza wakati, ikapewa wakati wa kweli, ikausoma kama kitu kilichoko bado sebuleni kwa Matalena, ambako kweli ilikuwa jana. Ilikuwa sahihi kila asubuhi. Kisha yeye aliisukuma tarehe siku moja mbele bila kuihamisha nchi, na kuanzia hapo ikawa inautangulia ulimwengu wote kwa siku nzima. Ukurasa wa Auckland ulikuwa ukimwambia ukweli. Na kila ilipolala na kuamka, ilikuwa ikilifuta kosa la mkono wake.

Jumapili mbili. Aliwaza gauni jeupe la Bibi. Hakumwamsha mtu.

Alichagua Apia. Tarehe ikaruka ikawa Jumapili, saa haikutikisika. Akafunga kifuniko, akaenda kuchemsha kakao, akaisubiri ichemke taratibu, akarudi na kufungua. Jumapili. Akafunga tena, akawafukuza kuku waliokuwa wanaparua majani yaliyofunika tanuri la mawe la mchana, akafungua. Jumapili. Aliporudia mara ya tatu Lafaele alimuuliza kama anaifundisha kupepesa macho.

Bibi aliamka, akaoga, akavaa gauni lile lile. Alikaa akiwa amekunja miguu, mgongo umenyooka, akauliza kama safari hii wajisumbue. Moelagi alimwambia kwamba kosa lilikuwa lake, akamweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hiki kitu kilikuwa kinakumbuka kwao," alisema. "Iakopo naye alikuwa hivyo. Miaka kumi ya kwanza, kila barua anauliza kama mvua imenyesha."

Ukurasa ulifunguka. Duara ndogo ilizunguka, ikasimama, ikazunguka. Muuguzi akatokea, akawasalimu, akasema mgonjwa yuko chumba cha mwisho na lazima aibebe mashine mpaka huko. Walisubiri wakitazama dari la korido likipita. Mtandao ukakwama, dari likaganda. Moelagi aliomba kimoyomoyo, maombi mafupi yasiyo na adabu.

Picha iliporudi, Iakopo alikuwa humo, mdogo kwenye mto mkubwa, macho wazi. Na wakati huo huo baragumu likalia.

Ndoo zikatulia bombani. Barabarani kijana wa zamu alisimama na fimbo yake, akageuka kuelekea kwenye ule mwanga. Mkono wa Moelagi ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea.

"Acha wazi," Bibi alisema.

"Bibi, wanatuona."

"Waone. Mtu wa nyumba hii yuko hapo. Utamfungia nje wakati wa sala?"

Moelagi aliondoa mkono. Kijana wa barabarani aliendelea kutazama kidogo, kisha akageuza uso, akatazama bahari.

Bibi alianzisha wimbo wa jioni, ule unaoimbwa bila kitabu. Lafaele akaingia na sauti ya chini, majirani wakawa wanaimba wa kwao, nyumba hadi nyumba. Sauti zilifika Auckland kwa kuchelewa na zikarudi vipande vipande. Iakopo hakutoa sauti, lakini midomo yake ilikuwa ikienda. Ilikuwa nyuma yao kwa nusu mstari. Bibi aliliona hilo, au alilijua tu, akapunguza mwendo, na wote wakapunguza, mpaka midomo ile ikawafikia.

Sala ilipokwisha Bibi alisogea karibu na kioo mpaka paji la uso likakaribia kukigusa. Alimwambia kaka yake kwamba mvua ilinyesha jana, ya kutosha, na mgomba wa nyuma ya jiko umezaa. Iakopo alifumba macho, akayafumbua. Kisha muuguzi akaomba radhi, muda umekwisha.

Kesho yake Bibi aliamka kabla ya wote. Moelagi alimkuta amekaa mbele ya kompyuta, kifuniko amekifungua mwenyewe, haoni vizuri kilichoandikwa.

"Inasema leo ni lini?"

"Jumatatu, Bibi."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akakishusha kifuniko taratibu, akaenda kuwasha moto.