Godoro Kwenye Kiti cha Nyuma

Roli la mbao lililokuwa likishuka kutoka Shume liliharibika kwenye kona, chini kidogo ya Soni, na magari yote yakasimama. Husna akazima injini. Kwa kuwa hakuweza kusonga mbele, mawazo yakamrudisha nyuma, barabara nzima aliyotoka nayo Dar es Salaam tangu alfajiri.

Pale Michungwani wauza machungwa walikimbilia dirisha, wakaliona godoro lililokunjwa, wakaondoka bila kunadi. Ndivyo alivyoona yeye. Labda walimjua tu kuwa si mnunuzi. Segera askari wa barabarani alichungulia masufuria na jiko la gesi akauliza, "Unahama, dada?" Hata mkonge wa kando ya barabara ulimtazama mistari kwa mistari. Mwenye wasiwasi husengenywa na mimea.

Wasiwasi wa nini, na aliyetoa talaka ni mume? Eda aliimaliza kwa shoga yake Tabata, na kila Ijumaa alimpigia mama kumwambia, "Sote wazima." Aliogopa neno moja. Siku ya harusi mama alimshika mkono akamwambia, "Ukitoka hapa, usinirudie na vyombo." Mama hakuwa na utani katika mambo hayo. Akimfungia mlango, Husna hakuwa na pengine pa kulitandika lile godoro.

Kilichomuuma zaidi ni Mombo. Saumu, jirani yao wa Vuga ambaye huteremka kuuza mapeasi, alimsalimu vizuri, kisha macho yakatambaa ndani ya gari.

"Na sukari ya mama iko wapi?"

Anayekwenda kusalimia nyumbani hupanda mlima na sukari na mchele, hilo hata mtoto analijua. Husna alikumbuka kinu na ungo, sukari akaisahau.

"Naenda kusalimia tu," alisema.

"Haya," Saumu akajibu, huku akifungua fundo la kanga kutafuta simu.

Roli likasogezwa. Husna alitamani kugeuza, lakini nyuma yake foleni ilikuwa imeshaziba njia. Akapanda hadi Soni, akashika njia ya vumbi ya Vuga, akajichukia kwa woga wake.

Mama alikuwa amesimama uani, udongo mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saumu alinipigia."

"Mama, nilitaka kukueleza..."

"Utaeleza tukishaingiza godoro. Mvua hiyo." Mama alifungua mlango wa nyuma, akaanza kulivuta. "Miezi mitatu unaniambia sote wazima, na mwenzio sijamsikia hata akikohoa nyuma yako. Ulidhani mimi kiziwi?"

Machozi yalimshuka Husna, naye akaona haya kulia kama mtoto.

"Shika upande huo," mama alisema. "Chumbani kwako nilikuwa nimeweka mbegu za viazi. Nilizitoa tangu mwezi uliopita, nikawa nakungoja."