Tawi Juu ya Chumba cha Mtoto

Maisha yake yote Mama Fundi hakuwahi kupanda ngazi kupita kidato cha tatu. Leo alikuwa kidato cha kumi na moja, gauni kalifunga kiunoni, msumeno begani, roho mkononi.

"Usitazame chini!" mumewe alimpigia kelele kutoka uani.

"Sasa wewe unayeniongoza nikutazame vipi?"

"Nisikilize tu. Kunitazama umenitazama miaka thelathini, hujashiba?"

Siku nyingine angemjibu wakacheka. Leo alishika ukingo wa bati, akajivuta juu kwa tumbo.

Mumewe alikuwa fundi wa mabati, na mtaa mzima ulimwita Kesho, kwa sababu kila mteja aliyeuliza kazi yake itaisha lini alipewa jibu hilo hilo. Hata hivyo mapaa ya watu yalingoja na mwishowe yakapata fundi. Lililokuwa halipati ni lake mwenyewe. Mti wa uani ulipotandaza tawi juu ya chumba cha nyuma, mkewe alimwambia. Tawi lilipoanza kugonga bati kila upepo ukivuma, akamwambia tena. Kunguru nao wakahamia. Na mtu asikudanganye kwamba kunguru ni ndege kama ndege wengine, wale ni wahuni wenye mabawa! Walinya juu ya bati mpaka likaliwa na kutu, wakadonoa mmoja mmoja mipira inayoziba matundu ya misumari, kisha wakajenga kiota ndani ya mfereji wa paa, maji yakakosa njia yakarudi ndani. Kesho alisema atashughulikia. Lini, nani aliuliza?

Halafu binti yao akajifungua, na mimba ina miezi saba.

Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Huyu wa tatu alizaliwa na uzito wa kilo moja na nusu, akakaa wodini wiki tano akipumulia mashine. Mume wa binti alikuwa kazini mbali, na chumba walichopanga kilikuwa na ukungu ukutani, kwa hiyo mtoto angeletwa kwa bibi yake. Muuguzi alimshika Mama Fundi mkono akamwambia bila kuzunguka: chumba kikavu. Mapafu ya mtoto yule yasingestahimili unyevu hata wiki moja.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Sebuleni kulikuwa na ndoo tatu za kukinga maji. Chumba cha wazee kilikuwa na beseni juu ya kitanda. Kilibaki cha nyuma.

Hapo ndipo Kesho alipoamka usingizini. Siku tisa zilizopita alipanda, akang'oa bati zote mbovu za chumba kile, akapiga mpya. Mkewe hakuwahi kumwona akifanya kazi vile, hata chai aliikataa. Alipomaliza bati akageukia tawi. Alilikata nusu, likapasuka kabla ya wakati wake, likamrusha chini. Nyonga ikavunjika. Daktari alimwambia atulie wiki sita na asikanyage chini, maana akiukanyagia mguu ule kabla ya wakati, asahau kutembea. Tawi nalo likabaki huko huko, limening'inia kwa gome na nyuzi chache juu ya bati mpya, linangoja upepo.

Mafundi wenzake? Wote aliwahi kuwaita wagonga misumari, tena mbele ya wateja wao. Asubuhi ile Mama Fundi aliwapitia wanne. Watatu walikuwa na kazi. Wa nne alicheka kwanza, kisha akasema, "Mwambie nitakuja kesho." Mama Fundi alirudi nyumbani akilia njiani kama mtoto, wala hakujali nani anamwona. Majirani walikuwa makazini. Mtoto alikuwa anatoka hospitali saa tisa, na upande wa milimani wingu lilikuwa limekuwa jeusi tititi.

"Kanyaga penye msumari!" Kesho alielekeza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu mbovu kaunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Penye msumari chini yake kuna mbao. Kwingine utatoboa!"

"Nimesikia!"

"Anza na mfereji. Toa hicho kiota."

Alitambaa. Kunguru wawili walimjia kichwani, wakampiga kwa mabawa, akainamisha uso akaendelea. Kiota kilikuwa kizito, kimefumwa kwa vijiti na vipande vya waya vya kufungia nondo. Ndani yake midomo miwili ilifunguka, myekundu, ikidai chakula.

"Kuna watoto humu," alisema.

"Toa, mama. Na sisi tuna mtoto."

Alikibeba kwa mikono miwili akakiweka juu ya bati la choo, huku akijua fika mvua ile isingeacha kitu. Akageuka upesi. Akachota majani yaliyooza kwenye mfereji kwa viganja mpaka kucha zikatoka damu.

Tone la kwanza lilimgonga shingoni.

"Sasa tawi! Funga kamba mbali na shina. Mbali zaidi! Haya, kaza. Nirushie ncha."

Alimrushia. Mpango ulikuwa kwamba mke akate na mume avute, ili tawi liangukie uani badala ya juu ya paa. Kesho aliizungusha kamba kwenye nguzo ya baraza, akaishika kwa mikono miwili, akiwa amekaa vile vile. Mama Fundi akaanza kukata. Msumeno ulikwama, ukatoka, ukakwama tena. Alimwomba Mungu, akamtukana Kesho, akamwomba Mungu msamaha, yote kwa pumzi moja. Upepo ukaja. Tawi likalia.

"Linakuja!" alipiga kelele. "Baba, linakuja huku!"

Kamba ilikuwa imekaza, lakini kukaza hakukutosha. Tawi lilitaka kuvutwa, na mtu aliyekaa kitini hana nguvu ya kuvuta kitu kizito kiasi kile. Lilianza kugeuka taratibu kuelekea kwenye bati mpya.

Mama Fundi alitazama chini.

Mumewe alikuwa amesimama.

"Kaa! Kaa chini, wewe mwanamume!"

Hakukaa. Alijifunga kamba kiunoni, akakanyaga chini kwa miguu yote miwili, akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, mdomo wazi na hautoi sauti. Tawi likayumba, likalikosa paa kwa upana wa kiganja, likaporomoka uani kwa kishindo kilichovunja meza ya vyombo. Kesho alianguka upande wa pili, akabaki hapo hapo.

Mvua ikamwagika yote kwa pamoja.

Hata Mama Fundi mwenyewe hakujua alishukaje ile ngazi. Alimkuta kalala ubavu kwenye tope, uso umepauka, meno kayauma. Akanyoosha mikono amwinue.

"Usiniguse. Kaangalie dari."

"Dari? Una wazimu? Mguu wako..."

"Nimesema kaangalie dari!"

Wakati huo huo teksi ikasimama langoni. Binti yao alishuka ameinama, mtoto kamfungia ndani ya sweta. Alipomwona baba yake chini, akasimama pale pale.

"Baba!"

"Pita!" alifoka Kesho kutoka topeni. "Pita ndani na mtoto, usisimame mvuani! Mama, mwingize!"

Mama Fundi alimsukuma binti yake mpaka chumba cha nyuma, akamkalisha kitandani, akamwita dereva amsaidie kumbeba mzee. Kisha akasimama katikati ya chumba, uso juu. Mvua ilipiga bati hata asisikie pumzi yake mwenyewe. Alitazama kila kona ya dari. Alipitisha kiganja kwenye ukuta upande wa mfereji, juu mpaka chini. Akaurudia tena. Mtoto alipiga chafya moja, akalala.

Akarudi uani. Dereva alikuwa amepiga magoti kando ya Kesho, hajui ashike wapi.

"Panavuja?"

"Hapavuji."

"Upande wa mfereji?"

"Nimegusa ukuta wote. Ni mkavu, baba yao. Chumba kizima ni kikavu."

"Mtoto je?"

"Amelala."

"Basi," alisema Kesho, akaachia meno, na ndipo akaanza kupiga mayowe.