Rangi Tano za Taghrid

Taghrid alianguka Kiingereza kwa alama tatu, na mtaa mzima wa upande ule wa mji wa Irbid ukajua kabla yeye mwenyewe hajaamini. Masomo mengine yote ya Taujihi, ule mtihani wa kumalizia sekondari, alifaulu tena vizuri. Kiingereza peke yake kikamtupa: arobaini na saba, na kufaulu ni hamsini. Mama yake, Um Fawwaz, alikuwa ameshaagiza sinia mbili za kunafa, vile vitamu vya jibini na shira. Zikaja, zikaliwa kwa nyuso za matanga, na majirani wakarudisha sinia bila kupiga vigelegele.

Sasa alibakiwa na nafasi moja tu, kurudia mtihani Januari. Akifaulu, anaingia kusomea uuguzi. Asipofaulu, nafasi yake anapewa mwingine, na yeye atabaki nyumbani akisikiliza watu wakimwuliza mama yake, "Na Taghrid je, vipi?" Mtu anaweza kuugua kwa swali hilo tu.

Na wala msidhani alikuwa mvivu. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma roho! Wavivu wanafaulu, yeye anaanguka. Alikuwa na kalamu tano za rangi: njano kwa maneno mapya, kijani kwa sarufi, waridi kwa mawazo makuu, buluu kwa majina na tarehe, na ya chungwa kwa jambo lolote ambalo mwalimu amelisema mara mbili. Kila habari iliyomo kwenye kitabu cha Kiingereza aliinakili daftarini neno kwa neno, mistari kwa rula, mwandiko wa kuandikia kadi za harusi. Abu Layth mwenye duka la vifaa vya shule aliliazima daftari hilo kwa siku mbili, akalitoa kopi, na wasichana wakazigombania kama mkate wa asubuhi. Waliozinunua walifaulu. Mwenye daftari akaanguka. Hebu niambieni, hiyo ni haki?

Kila Jumanne alikuja Mwalimu Iftikhar kumfundisha sebuleni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuvunja vikombe, na hakuwa na adabu za kumfurahisha mtu. Jumanne hiyo, wiki tatu kabla ya mtihani, alikaa karibu na jiko la mafuta ya taa, akatoa karatasi ya majaribio, akaiweka mezani.

Arobaini na sita.

"Mwalimu!" Taghrid alishika kichwa. "Kiangazi nilipata arobaini na saba. Nimesoma miezi mitano nikapungukiwa na moja?"

"Hukusoma. Ulipaka rangi. Ungepaka hizi kuta zenu ningekuona wa maana, maana zinahitaji."

"Lakini nimeihifadhi yote! Niulize popote!"

"Haya. Ile habari ya dereva wa basi. Aya ya pili inasema nini?"

Taghrid akafumba macho, akaitiririsha aya nzima kwa Kiingereza, hakuacha hata koma. Ilikuwa habari ya dereva aliyestaafu, ambaye kila asubuhi hupanda basi lilelile alilokuwa akiliendesha, analipa nauli, anakwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

"Mashallah. Hata kasuku wa Abu Layth anajua kusalimia. Nimekuuliza inasema nini. Kwa Kiarabu, kwa maneno yako, kama unamsimulia mama yako. Kwa nini anakaa nyuma kabisa?"

Habari hiyo Taghrid alikuwa ameinakili mara tatu. Neno "nyuma" alilipaka njano. Kwa nini mzee yule akae nyuma, hilo hakuwahi kujiuliza hata siku moja.

"Haijaandikwa," alisema.

"Haijaandikwa, ndiyo! Ndiyo maana wakauliza!" Mwalimu Iftikhar akamsukumia penseli. "Sikiliza wewe. Soma aya moja. Funga kitabu. Kisha andika pembeni, palepale kwenye ukurasa, mstari mmoja: nini kimetokea. Hukuelewa, andika hukuelewa. Umeshangaa, andika umeshangaa. Ndipo uende aya ya pili."

"Kwenye kitabu, Mwalimu? Si kitachafuka?"

Mwalimu alivuta pumzi ndefu. Alijua neno hilo limetoka wapi. Shuleni kwao vitabu hurudishwa mwisho wa mwaka, na mwalimu mkuu huvipekua ukurasa kwa ukurasa. Atakayekutwa na alama ya penseli ataifuta mpaka vidole vitoe malengelenge. Wasichana wale walikuzwa wakijua kwamba kuandika kitabuni ni karibu na dhambi. Kitabu hiki lakini Um Fawwaz alikuwa amekinunua, cha kwao.

"Kichafue," alisema Mwalimu. "Nakuomba kwa jina la Mungu, kichafue."

Taghrid aliitikia ndiyo, na moyoni akasema hapana. Alipoondoka mwalimu, akaurudisha mfuko wa kalamu zake mezani, akainakili habari ya dereva mara ya nne.

Siku ya pili yake akaja Hanin, binti wa mama yake mdogo, aliyekuwa bado yuko shuleni na mtihani wao ni wa wakati mmoja. Aliingia na baridi yake, mashavu mekundu, akamkumbatia Taghrid kwa nguvu.

"Tisini na moja! Majaribio ya shule, Kiingereza, tisini na moja! Mungu akubarikie mikono yako, dada. Ni lile daftari lako tu, wallahi sina jingine."

Um Fawwaz akapiga kigelegele kutoka jikoni, halafu akakumbuka yuko nyumba gani, akakikatiza katikati.

Taghrid alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Daftari lake! Yeye ndiye aliyekesha nalo, na tisini na moja inakwenda kwa Hanin, ambaye mwandiko wake ni wa kuku aliyekimbizwa! "Nionyeshe," alisema. "Nionyeshe hiyo kopi yako."

Hanin akaitoa kwenye begi. Ilikuwa imekunjwa mara nne na ina doa la mafuta ya zeituni. Taghrid alipoikunjua nusura alie. Pembeni mwote mlijaa penseli: mishale, maswali, Kiarabu kimepanda juu ya Kiingereza. Sentensi nzima zimekatwa. Penye habari ya dereva Hanin alikuwa ameandika, "Huyu mzee vipi? Ana wazimu au?" Chini kidogo, "Aa, anaogopa akikaa mbele atamfundisha kazi dereva mpya." Na chini zaidi, "Hahaha."

"Umeiharibu," alisema Taghrid. "Nimekaa siku tisa kwenye kurasa hizi, ukaja ukazifanya kitambaa cha jikoni."

"Kosa la mashine ya Abu Layth," Hanin alijitetea. "Haitoi rangi. Ulipopaka njano pametoka peupe, na ulipopaka buluu na kijani pamekuwa peusi tii, sioni neno. Sikujua lipi muhimu na lipi si muhimu. Ningefanyaje? Ikabidi nisome."

Alisema hivyo kwa kuomba radhi, maskini, bila kujua alichosema.

Taghrid naye hakukisikia. Yeye alisikia jambo moja tu: tisini na moja. "Niachie mpaka jioni," alisema, na Hanin akamwachia, akaenda jikoni kumsaidia mama yake mkubwa kuviringisha mchele ndani ya majani ya mzabibu.

Aliporudi baada ya saa nzima na bilauri mbili za chai ya maramia, yale majani ya kunukia, alimkuta Taghrid ameinama mezani, rula mkononi, kalamu zote tano wazi. Alikuwa amefungua daftari jipya na ananakili. Mishale ya Hanin ameipiga kwa rula. Maswali ya Hanin ameyaandika kwa waridi, majibu kwa kijani.

Hanin akainama juu ya bega lake. Akaweka bilauri chini.

"Taghrid. Hii ni nini?"

"Nini?"

"Hii hapa. Ya chungwa."

Ilikuwa ni "Hahaha." Imeandikwa kwa mwandiko wa harusi, imepigiwa mstari mara mbili.

"Umenakili mpaka kicheko changu?" Hanin alianza kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake, kicheko kikamkauka. "Haya niambie. Nilicheka nini hapo?"

Taghrid akaitazama habari ya dereva. Akaitazama tena. Mara nne kwa mkono wake, na hii ya tano, na anaweza kuisema yote akiwa usingizini. Lakini alichochekea Hanin hakukiona, kama mtu aliyealikwa harusini akasimamishwa nje ya mlango. Akaitupa rula. Iligonga jiko la mafuta ya taa, ikaanguka.

"Sijui!" alipiga kelele. "Sijui, sijui! Mimi ni mjinga, basi, mmefurahi? Nendeni mkawaambie watu!"

"Nani kakuita mjinga? Soma tu aya moja. Polepole. Sitakuambia kitu."

"Utaniambia."

"Wallahi sikuambii. Hiki kicheko ni changu. Tafuta chako."

Akamnyang'anya kopi, akaitia begini, akamwekea mbele kile kitabu kisafi na penseli ya Mwalimu Iftikhar. Taghrid alimchukia mno dakika ile. Akasoma kwa hasira, aya moja, akafunga kitabu. Akakifungua. Penseli ikasimama juu ya karatasi nyeupe muda mrefu, mkono unakataa. Mwishowe akaandika, tena bila kufuata mstari: "Sielewi. Ana pesa ya kustaafu, kwa nini asilale?"

Hilo likawa neno lake mwenyewe la kwanza tangu aanze kusoma Kiingereza. Lilikuwa baya kulitazama.

Wiki tatu zile zilikuwa za taabu. Alisoma kurasa chache kuliko alizokuwa akinakili, na kila jioni alilia kwamba amechelewa. Mara mbili alizirudia kalamu zake, mara mbili akaziacha. Kitabu kikachafuka. Siku ya mtihani aliingia mikono mitupu, bila aya hata moja ya kujiimbia njiani.

Alipotoka, Um Fawwaz alikuwa getini amejifunika shali mbili. Tangu Taghrid akiwa mdogo, desturi yao ilikuwa moja: akitoka kwenye mtihani humsomea mama yake kwa kichwa habari iliyokuja, kwa Kiingereza, nzima, na mama asiyejua neno hata moja huitikia "Mashallah" mpaka mwisho.

"Haya, nisomee."

Taghrid akajaribu. Hakupata hata sentensi moja. "Mama, sikumbuki. Sikumbuki neno hata moja!"

"Yarabi. Basi tumekwisha tena."

"Ni ndugu wawili," Taghrid alisema, machozi yanamtoka. "Wamerithi nyumba moja, wakagombana, wakajenga ukuta katikati. Ukuta ukapita jikoni."

"Jikoni?" Um Fawwaz alisimama. "Na tanuri likabaki upande wa nani?"

"Wa mdogo. Kwa hiyo mke wa mkubwa akatoboa tundu ukutani, akawa anapitisha unga, na mwenzake anamrudishia mkate. Waume hawajui. Miaka sita."

"Wapumbavu wakubwa! Wanakula mkate wa waliokosana nao!"

"Ndivyo nilivyoandika, mama. Waliuliza ukuta umemtenga nani, nikaandika umewatenga waume tu."

Walibishana juu ya ukuta ule mpaka nyumbani, na Um Fawwaz aliendelea nao peke yake akivua viatu.

Matokeo yalitoka Februari: sitini na nane. Taghrid alisoma namba hiyo mara tatu, akakaa sakafuni, na badala ya kufurahi ikampanda ghadhabu ya miaka yote.

"Miaka kumi na miwili!" alisema. "Miaka kumi na miwili nimekaa shuleni, mama, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba kunakili si kusoma!"

Um Fawwaz alikuwa anatafuta simu ampigie dada yake.

"Mwalimu Iftikhar alikuambia kila Jumanne," alisema. "Mimi nilimsikia nikiwa jikoni."