Waliotandika Kitanda cha Kaewta

Kifuniko cha chungu cha mvuke kilianza kugongagonga kabla jogoo wa jirani hajawika. Nilidhani ni binti yangu Wilai aliye jikoni. Kumbe ni mjukuu wangu Kaewta, bi harusi mwenyewe, amechuchumaa mbele ya moto na vibanio kichwani.

"Bi harusi hapiki siku yake," nikamwambia.

"Usingizi umenikataa, Bibi. Na wali huu si wa wageni. Wapelekee wale."

Sikuuliza ni kina nani.

Kwetu, kitanda cha maharusi hutandikwa na wazee wawili walioishi pamoja kwa amani. Wakishatandika, hujilaza wao kwanza na kusemezana maneno mema, ili wema wao ubaki kwenye godoro. Mjane haruhusiwi, kwa hiyo mimi siwezi kugusa hata foronya. Kijijini kazi hiyo hufanywa na Mama Prayong, mke wa mwenyekiti, pamoja na mumewe. Lakini Kaewta alikuwa anaoana na Orathai, msichana wa kijiji cha ng'ambo ya mto, kwa sheria mpya iliyowaruhusu wanawake wawili kuoana. Akasema kitanda chake kitatandikwa na Bibi Bunruean na Bibi Samniang, walioishi nyumba moja tangu mama yake hajazaliwa.

"Wale ni marafiki tu," Mama Prayong alimwambia.

"Marafiki gani, mmoja akilazwa hospitali mwingine hali chakula?" Kaewta akamjibu. "Wasipokuja wao, godoro langu litabaki limekunjwa."

Na Kaewta akisema, amesema. Samniang alikubali palepale. Bunruean alikataa.

Basi nikachukua kikapu cha wali wa kunata, moto bado, nikaenda. Samniang alikuwa ameshakaa kwenye mtambo wake wa kufumia chini ya nyumba yao ya nguzo, maana macho yake yameingia ukungu na giza halimzuii tena. Bunruean alikuwa kwenye jukwaa la mianzi, taa pembeni, anamtolea mwenzake miiba ya samaki. Mikono ile inayofungua na kutengeneza pampu za maji za kijiji kizima ilikuwa inachambua polepole, mwiba mmoja mmoja.

"Mama Wilai," akasema bila kuinua kichwa, "umekuja kunihonga kwa wali?"

"Nimekuja kula. Ukihongeka, shauri yako."

Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Watu wametuacha tukae kwa sababu hatukusema kitu. Huko juu tuna vitanda viwili, unajua? Kimoja ni cha macho ya watu. Leo nikajilaze mbele ya kijiji kizima? Wakinicheka, kesho nani ataniletea pampu yake?"

Mtambo ukanyamaza.

"Nimefuma shuka," Samniang akasema. "Nimeifuma kwa vidole, sioni mistari vizuri. Nilidhani tutaitandika wote wawili."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa umeshakataa."

Bunruean akatazama samaki. Nikaona niseme langu.

"Dada Bunruean, wa kucheka watacheka. Lakini pale nyumbani kuna watoto wawili wanaotaka kuona watu waliozeeka pamoja. Nikitafuta wa kuwaonyesha, sina wengine."

Bunruean alisukuma sahani mbele ya Samniang, akamshika mkono akauweka penye nyama. "Kula kwanza, kinapoa." Nikarudi nyumbani na kikapu kitupu, sijui nimwambie nini mjukuu wangu.

Jua lilipopanda tukasikia ngoma. Orathai alikuja na ukoo wake mzima, masinia ya ndizi na keki vichwani, wajomba wakicheza kama wamekatazwa kusimama. Shangazi zake Kaewta wakafunga njia kwa mkanda wa fedha, kama desturi, wakidai bahasha za pesa. Walipopita, shangazi zake Orathai wakageuka, wakafunga mlango wa chumba alimokuwa Kaewta, wakasema na huyu wa ndani alipe akitaka kutoka.

"Hii haijapata kutokea," Wilai akasema.

"Wewe toa bahasha, mama wa bi harusi," wakamwambia. "Sisi pia tuna bi harusi wetu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Watawa wa hekalu wakatubariki, tukawafunga maharusi nyuzi nyeupe za baraka mikononi. Kikabaki kitanda.

Godoro lilikuwa limekunjwa ukutani. Mama Prayong na mumewe walisimama karibu na mlango, wamevaa vizuri. Kaewta alinitazama.

Ndipo nikasikia ngazi inalia. Bunruean alikuwa anapanda, shati limepigwa pasi, boga kwapani. Siku zote humwongoza Samniang kwa kiwiko. Leo walikuwa wameshikana viganja.

"Godoro liko wapi?" akauliza. "Au mnataka tutandike sakafu?"

Wakalikunjua. Shuka ilikuwa ya samawati, mstari mmoja umekwenda upande, na Bunruean aliulainisha palepale kwa kiganja, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Juu yake wakaweka vitu vya heri: boga, jiwe la kusagia dawa, mpunga, maharage na ufuta. Nikamwona Mama Prayong anatoka nje haraka. Nikasema moyoni, amekasirika.

Mjomba mmoja wa Orathai akauliza kutoka mlangoni, "Mume hulala kulia. Sasa hapo kulia analala nani?"

Watu wote wakamgeukia Bunruean.

"Mimi hulala upande wa mlango," akasema.

"Kwa nini?"

"Huyu anaogopa mjusi. Na mjusi huingilia mlangoni."

"Simwogopi," Samniang akasema. "Simpendi tu."

"Juzi ulinipanda kichwani."

Watu wakaangua kicheko, na mjomba yule akacheka kuliko wote. Bunruean alitazama huku na huku. Nadhani alikuwa anatafuta kile kicheko alichokiogopa, na hakukiona. Akamshika Samniang bega, wakajilaza.

"Kitanda hiki kizuri," Samniang akasema, kama desturi inavyotaka. "Atakayelala hapa atapata nini?"

Bunruean alitazama dari. "Atapata mtu wa kumtolea miiba ya samaki."

Wilai aligeukia ukuta, akajifuta uso. Kaewta na Orathai walikuwa wameshikana mikono kwa nguvu, nyuzi zao zimesokotana.

Mama Prayong akarudi anahema, amembeba paka wake mweupe, yule anayelazwa kwenye kila kitanda cha harusi kijijini, amemwogesha na kumpaka poda.

"Kitanda bila paka si kitanda," akasema. "Sogeeni." Akamlaza katikati yao. Paka akajinyoosha, akalala.

Walipokuwa wanaondoka niliwafungia wali na nyama ya kuchoma. Bunruean alisita ngazini.

"Mama Wilai, wewe hujawahi kupanda juu kwetu."

"Hujawahi kunikaribisha."

"Njoo keshokutwa, na hao maharusi waje. Nataka kutoa kile kitanda cha pili, sisi wawili hatukiwezi." Akashuka ngazi mbili, akasimama tena. "Na kikishatoka, usituache. Rudi tena."